Emanuel Celler: Wakili wa Brooklyn na milango mitatu ya kuingilia Marekani

Kwa miaka mingi, ikifika Oktoba, vibanda vya intaneti vya Kariakoo na vya katikati ya Nairobi vilibandika karatasi ile ile mlangoni: "Jaza Green Card hapa," yaani fomu ya bahati nasibu ya kibali cha kuishi Marekani. Ndani, shuka jeupe limetundikwa ukutani kwa ajili ya picha. Kijana wa kibanda anachapa, mteja amesimama nyuma ya bega lake akimtajia herufi za jina moja moja, asije akakosea. Jina la ukoo. Tarehe ya kuzaliwa. Kisha: umezaliwa nchi gani?

Swali hilo hujibiwa haraka kuliko yote, na ndilo lenye historia nzito kuliko yote katika fomu ile. Kuna mtu aliyepigana nalo kwa miaka 41. Aliitwa Emanuel Celler, wakili wa Brooklyn aliyekaa katika Baraza la Wawakilishi la Marekani karibu nusu karne. Hakuwa akitupigania sisi. Aliwahakikishia hata wabunge wenzake kwamba watu wa Afrika wasingekuja kwa wingi. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini leo Kiswahili kinasikika kwenye mabasi ya miji ya Marekani ambayo babu zetu hawakuijua hata kwa jina, lazima uanzie kwake.

Celler alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 6 Mei 1888, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Ujerumani. Baba yake aliuza wiski, biashara ikaanguka, akageukia kuuza mvinyo. Kijana akiwa bado masomoni Chuo Kikuu cha Columbia, baba akafariki, na haikuchukua muda mama naye akafuata. Mzigo wa nyumba ukamwangukia yeye. Asubuhi alikuwa darasani, mchana hadi jioni akizunguka kwa wateja wa marehemu baba yake akiuza mvinyo. Hivyo ndivyo alivyomaliza shahada ya kwanza mwaka 1910 na ya sheria mwaka 1912, akaanza uwakili.

Alipogombea ubunge mwaka 1922, Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe nchi nzima, naye akasimama jukwaani kuipinga marufuku hiyo waziwazi. Sidhani kama mtoto wa muuza mvinyo angeweza kufanya vinginevyo. Alishinda, akaanza kazi Machi 1923 akiwa na miaka 34.

Mwaka uliofuata ukaletwa muswada uliompa kazi ya maisha yake.

Kabla ya hapo, mamilioni ya Wataliano, Wapolandi na Wayahudi wa Urusi walikuwa wameingia Marekani kupitia bandari ya New York. Wamarekani waliojiona ndio wenye nchi wakaingiwa na hofu. Mbunge Albert Johnson na seneta David Reed wakatengeneza sheria ya mgao: kila taifa lipewe nafasi sawa na asilimia 2 ya wazaliwa wake waliokuwa wakiishi Marekani. Waliohesabiwa lini? Hapo ndipo palipokuwa na ujanja. Sensa ya 1920 ilikuwapo tayari, mpya kabisa, lakini wao walichagua ya 1890. Mwaka 1890 Wataliano na Wayahudi wengi walikuwa bado hawajapanda meli. Kwa kurudisha kalenda nyuma miaka 30, sheria iliwafuta watu bila kuwataja kwa jina.

Celler, mbunge mgeni asiyejulikana, alisimama kuipinga katika hotuba yake kubwa ya kwanza. Katika Baraza la Wawakilishi kura 323 ziliunga mkono, 71 zikapinga. Rais Calvin Coolidge alitia saini Mei 1924.

Ile asilimia 2 ilikuwa ya mpito tu. Kuanzia 1929 hesabu ilifanywa kwa asili ya wakazi wote wa Marekani, na hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana jambo lenyewe linatuhusu. Sheria ilisema kwamba wakati wa kupiga hesabu ya "wakazi", wasihesabiwe Wahindi Wekundu, wasihesabiwe watu wa jamii zilizokatazwa uraia, yaani Waasia, na wasihesabiwe wajukuu na vitukuu wa walioletwa kama watumwa. Mamilioni ya Wamarekani weusi walitolewa kwenye hesabu kwa kifungu kimoja. Laiti wangehesabiwa, Afrika ingepata mgao mkubwa. Walipoondolewa, Afrika ikabaki na kiwango cha chini kabisa kilichowekwa na sheria: watu 100 kwa mwaka kwa kila nchi iliyoorodheshwa.

Orodha yenyewe ipo na ukiisoma inauma. Uingereza pamoja na Ireland ya Kaskazini ilipewa nafasi 65,721, kati ya nafasi zisizofika 154,000 kwa nchi zote zilizokuwa chini ya mgao. Italia, iliyokuwa imepeleka zaidi ya watu 200,000 kwa mwaka kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilipata 5,802. Tanganyika, 100. Ruanda-Urundi, 100. Muscat, yaani Oman, 100. Kenya, Uganda na Zanzibar hazikuwa na fungu lao. Ziliingizwa kwenye fungu la mtawala, Uingereza. Na Mhindi aliyezaliwa Mombasa au Dar es Salaam hakuwa na nafasi yoyote, kwa kuwa Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1923 kwamba Mhindi si mtu mweupe na hawezi kupewa uraia.

Celler aliishi na sheria hiyo miaka yote ya Hitler. Wayahudi wa Ulaya waliomba viza, mgao ukawagomea. Katika kumbukumbu zake alimsimulia rabi mzee wa jimbo lake, mwenye ndevu ndefu na mkongojo, aliyekuja ofisini kwake akilia na kumuuliza kama haiwezekani kuokoa angalau wachache. Celler alikuwa mbunge kwa miaka karibu 20 wakati huo. Alikuwa na cheo na jina, lakini cha kumjibu mzee yule hakuwa nacho.

Ushindi wake wa mwanzo ulikuwa mdogo mno. Mwaka 1946 yeye na mbunge Clare Boothe Luce walipitisha sheria iliyowaruhusu Wahindi na Wafilipino kupata uraia, kwa mgao wa watu 100 kwa mwaka kila upande. Watu 100 si kitu mbele ya mamilioni, lakini wakili anajua thamani ya neno moja kufutwa kwenye sheria: Mhindi hakuitwa tena "asiyestahili uraia".

Kisha ukaja mwaka 1952, na mambo yakarudi nyuma. Seneta Pat McCarran na mbunge Francis Walter wakaandika upya sheria yote ya uhamiaji lakini wakauacha mgao wa asili. Makoloni yaliyokuwa yakijificha ndani ya fungu la mtawala yakakatwa: kila moja watu 100, basi. Kenya 100, Uganda 100. Na Mhindi wa Mombasa? Huyo sheria ilimfuata hadi damuni: hata azaliwe wapi, alihesabiwa kwenye mgao wa Waasia. Rais Truman alitumia kura ya turufu kuikataa sheria hiyo, Kongresi ikamshinda kwa theluthi mbili ikaipitisha hivyo hivyo. Ndiyo maana wanafunzi 81 wa Kenya waliopanda ndege kwenda Amerika Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya, walikwenda kama wanafunzi. Mlango wa kwenda kuhamia ulikuwa karibu umefungwa.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: Celler si alikuwa mwenyekiti? Ndiyo, tangu 1949, ukiacha miaka miwili, aliongoza Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi, inayosimamia uhamiaji, haki za raia, mahakama na marekebisho ya Katiba. Kwa utaratibu wa Marekani muswada hauendi kwenye ukumbi wa bunge mpaka kamati iutoe. Mwenyekiti akiamua kuufungia kwenye droo, hufia humo humo. Lakini chini ya kamati kuna kamati ndogo, nazo zina wakubwa wake. Kamati ndogo ya uhamiaji ilikuwa mikononi mwa Walter yule yule aliyeandika sheria ya 1952. Alikuwa wa chama kimoja na Celler, wakili kama Celler, na hakuwa na nia ya kuuvunja mgao alioujenga mwenyewe. Celler alisubiri. Walter alifariki Mei 1963.

Wakati huo huo Celler alikuwa na shauri jingine kubwa zaidi mezani. Juni 1963 aliwasilisha muswada wa haki za raia uliokuja kuwa sheria ya 1964, ile iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi hotelini, migahawani na kazini. Ukiniuliza ni lini uwakili wake ulionekana kwa uwazi zaidi, nitataja miezi ile. Chama chake cha Democratic kilikuwa kimejaa wabunge wa majimbo ya kusini waliotaka ubaguzi uendelee, hivyo kura za chama peke yake zisingetosha. Alikaa na William McCulloch wa Ohio, mwanachama wa Republican na wakili mwenzake, wakapatana kifungu kwa kifungu nini kibaki na nini kiondoke. Februari 1964 Baraza likaupitisha kwa kura 290 dhidi ya 130. Mwaka uliofuata kamati yake ikaipitisha pia sheria ya haki ya kupiga kura. Marekebisho ya Katiba yaliyofuta kodi ya kupigia kura, na yanayoeleza nani anashika madaraka rais asipoweza kazi, nayo yalipita mikononi mwake. Wabunge wengi wangeridhika na mojawapo tu.

Sasa turudi kwenye mgao. Rais Kennedy alipeleka pendekezo la kuufuta Julai 1963; baada ya kuuawa kwake, Rais Lyndon Johnson akalichukua. Upande wa Seneti alilibeba Philip Hart, upande wa Wawakilishi Celler, ndiyo maana sheria inaitwa kwa majina yao mawili. Pendekezo la awali lilitaka viza zigawiwe kwanza kwa wenye ujuzi. Aliyerithi kiti cha Walter, Michael Feighan wa Ohio, hakukubali. Alitaka ndugu wa raia watangulie. Hesabu yake ilikuwa rahisi: Wamarekani wengi wana asili ya Ulaya, kwa hiyo ndugu zao wako Ulaya, toa viza kwa undugu na nchi itabaki na sura ile ile. Celler akakubali masharti hayo ili muswada utoke. Bungeni akawatuliza wenye wasiwasi: watu wa Afrika na Asia hawana ndugu wengi huku, hivyo hawatakuja wengi.

Baraza lilipitisha Agosti 1965 kwa kura 318 dhidi ya 95. Tarehe 3 Oktoba 1965 Johnson alitia saini chini ya Sanamu ya Uhuru, akisema kwamba sheria hiyo si ya kimapinduzi. Mgao wa mataifa ulikoma kabisa mwaka 1968.

Je, Celler aliwadanganya wenzake? Mimi siamini. Aliisoma hesabu kama ilivyokuwa siku ile. Wala Feighan wala Celler hawakuona kwamba Ulaya ilikuwa imeanza kushiba na watu wake hawakuwa na haraka ya kuhama, na kwamba undugu ni kitu kinachozaa. Tuseme kijana wa Moshi amekwenda kusoma uhandisi, akapata kazi, akapata Green Card, na baada ya miaka 5 akawa raia. Sheria inamruhusu kumleta mke na watoto wake wadogo bila kungoja foleni ya mgao, na wazazi wake vilevile. Ndugu zake wa kuzaliwa wanaingia kwenye foleni, ndefu kweli, lakini foleni. Nao wakifika wana wake na waume zao. Mlango uliojengwa kuilinda Ulaya uliwafaa zaidi watu wenye koo kubwa. Mwaka 1970 Marekani ilikuwa na wakazi wapatao 80,000 waliozaliwa Afrika. Kufikia 2010 walikuwa karibu milioni 1.6.

Sheria ile ilikuwa na dosari zake. Seneti iliongeza ukomo wa watu 120,000 kwa nchi za Amerika, ambazo awali hazikuwa na mgao, na Wameksiko waliozoea kwenda na kurudi msimu wa mavuno wakajikuta wahalifu. Na kwa anayekimbia mateso, kifungu cha wakimbizi kilimtambua tu aliyetoka nchi ya kikomunisti au eneo la Mashariki ya Kati. Mtu wa Bujumbura au Bukavu aliyekimbia kuuawa hakuwa mkimbizi machoni pa sheria ya Celler.

Celler mwenyewe hakuwa malaika. Ofisi yake ya uwakili mjini New York ilijulikana kwa milango miwili. Mmoja ulikuwa na jina lake kwenye orodha ya mawakili, mwingine ulikuwa na majina ya washirika wenzake bila la kwake. Mbunge haruhusiwi kulipwa kwa kumtetea mteja mbele ya idara za serikali kuu, basi mteja mwenye shauri la namna hiyo aliingilia mlango wa pili. Nyuma ya milango hiyo miwili ofisi ilikuwa moja. Mtu aliyeujua ujanja wa sensa ya 1890 alikuwa na ujanja wake kwenye ubao wa mlangoni, na hilo linanisikitisha kila nikimsoma.

Na kulikuwa na wanawake. Pendekezo la kuweka usawa wa jinsia katika Katiba liliwasilishwa Kongresi kwa mara ya kwanza mwaka 1923, mwaka ule ule Celler alioanza ubunge. Alipokuwa mwenyekiti alilifungia kwenye droo miaka karibu 20 bila hata kusikiliza mashahidi. Mwaka 1970 mbunge Martha Griffiths, naye mwanasheria, alikusanya saini za wabunge 218 zinazohitajika kuipokonya kamati muswada. Lilipofika ukumbini lilipita kwa kura 352 dhidi ya 15. Celler alikuwa miongoni mwa wale 15. Sipati maelezo yanayoniridhisha. Aliyeona dhuluma ndani ya jedwali la takwimu hakuiona ilipokaa mbele yake na kumwomba dakika kumi.

Juni 1972, kwenye mchujo wa chama, alijitokeza wakili mwanamke wa miaka 30, Elizabeth Holtzman. Celler alimdharau hadharani, akamfananisha na kijiti cha kuchokolea meno kinachotaka kuangusha mnara wa Washington. Holtzman hakuwa na fedha. Alisimama kwenye vituo vya treni na foleni za sinema akiwauliza watu: mbunge wenu mmemwona lini mara ya mwisho? Celler hakuwa hata na ofisi ya jimbo Brooklyn. Alishindwa kwa kura zipatazo 600, baada ya karibu miaka 50.

Lililofuata ndilo linalonifanya niseme kuna milango mitatu ya kuingilia Marekani: undugu, ukimbizi na bahati nasibu. Holtzman alikuja kuongoza ile kamati ndogo ya uhamiaji, na pamoja na seneta Edward Kennedy akaipigania sheria ya wakimbizi ya 1980. Maneno ya "nchi ya kikomunisti" yakaondolewa, ikawekwa tafsiri ya Umoja wa Mataifa: mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi au siasa yake, popote atokapo. Kwa sheria hiyo watu wa Kivu waliokaa miaka 20 kwenye kambi ya Nyarugusu, Kigoma, waliitwa kwenye usaili. Mwaka wa fedha 2016 Kongo iliongoza dunia kwa wakimbizi waliopokelewa Marekani, zaidi ya 16,000.

Holtzman alipoacha kiti mwaka 1980 ili kugombea useneta, kilikwenda kwa mwanasheria kijana wa Brooklyn, Chuck Schumer. Aliapishwa Januari 1981, na tarehe 15 ya mwezi huo huo Celler akafariki nyumbani Brooklyn, ana miaka 92. Mwaka 1990 Schumer alikuwa kati ya walioingiza bahati nasibu kwenye sheria mpya ya uhamiaji. Hoja ilikuwa kwamba undugu wa 1965 unawasaidia wenye ndugu tayari. Asiye na mtu kule ataanzia wapi? Zikatengwa viza 55,000 kwa mwaka kwa nchi zenye wahamiaji wachache, na mshindi awe amemaliza sekondari au awe na uzoefu wa kazi ya ujuzi. Wengi walidhani Waayalandi ndio watakaofaidi. Waliojaa kwenye orodha za washindi ni Waafrika.

Lakini ona kilichorudi. Bahati nasibu iligawiwa kwa nchi ya kuzaliwa. Nchi iliyopeleka zaidi ya watu 50,000 katika miaka 5 ilitolewa. Nigeria ilitolewa kuanzia bahati nasibu ya 2015 kwa sababu watu wake walikuwa wameshakuwa wengi. Swali la 1924 lilirudi kwenye fomu likiwa limegeuzwa: safari hii uchache ndio ukawa tiketi. Mzaliwa wa Lagos aliyeoa mzaliwa wa Tanga aliruhusiwa kuingia kwa nchi ya mkewe, mradi waombe pamoja. Kijana wa kibanda alilijua hilo bila kuwahi kusikia jina la Celler. Mteja wa namna hiyo akimtajia Nigeria, mkono wake ulisimama juu ya kibodi, akageuka: "Kaka, mkeo naye kazaliwa wapi?"